Mlango wa Baba Uliobaki Nyalenda

Siku tuliyoingia katika nyumba ile ya Nyalenda, Kisumu, mwenye nyumba alituzungusha ndani na nje akituonyesha kilicho chake na kilicho chetu. Mabati yalikuwa yake; yakivuja tumwite. Ukuta ulikuwa wake pia, lakini tukiutoboa sisi tuuzibe sisi. Mfereji wa maji wa uani ulikuwa wa wapangaji wote, na mpira wake ukiisha tuchange. Kioo cha dirisha kilikuwa mzigo wa aliyekivunja. Alipofika mlangoni aliupiga teke dogo. Ulikuwa mlango wa mbao laini uliopigiliwa bati la debe kwa nje, na upande wa chini ulikuwa umeshaliwa na maji ya masika. Akasema, "Mlango ni ya mtu analala ndani. Mwizi akikuja, hakuji kutafuta mimi."

Mume wangu alicheka, nami nikacheka. Tulikuwa tumeoana juzi tu na kila kitu kilituchekesha. Hatukuandikiana chochote. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya themanini, sikumjua mtu hata mmoja Nyalenda aliyekuwa na karatasi ya nyumba anayoishi. Tulipeana mikono, tukanywa chai kwa mke wake, tukawa wapangaji.

Mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mwenye redio ndogo isiyombanduka begani. Sote tulimwita Mzee. Nyumba yake ilikuwa mbele, ikitazama njia, na vyumba vya kupangisha vilijipanga nyuma katika ua uleule, kwa hiyo tuliishi tukisikiana hadi kukohoa. Mke wake tulimwita Mama. Mimi aliniita nyathina, yaani mtoto wangu, kwa Kijaluo. Mimi ni Mmaragoli niliyeolewa na Mjaluo wa karibu na Awasi, na Kijaluo changu cha siku zile kilikuwa kinachechemea. Mama ndiye aliyekinyoosha. Ndiye aliyenifundisha kuosha omena, vile vidagaa vya ziwani, mpaka uchungu utoke, na mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, mikono yake ndiyo iliyomwogesha kabla ya mikono ya mtu wa ukoo wowote. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba sisimulii habari za mtu baki. Ningetendewa na mtu baki, ningeshasahau.

Nyalenda iko chini, Milimani iko juu. Mvua ikinyesha, maji yanaondoka kwenye nyasi zilizokatwa vizuri za wakubwa, yanapitia kwetu yakielekea ziwani, na kwetu hayapiti bila kubisha. Masika ya pili yalimaliza upande wa chini wa ule mlango. Panya waliingia wakitoka kama wapangaji wenzetu. Tulimwendea Mzee, akatukumbusha sheria yake, na siwezi kusema alikosea, kwa kuwa alikuwa ameshatuambia. Mume wangu alianza kuzungumzia mlango wa bati kutoka kwa mafundi wa jua kali. Kabla hajaununua, nilikwenda nyumbani Maragoli kumwona baba, nikamweleza habari za panya ili acheke.

Hakucheka. Baba yangu alikuwa seremala. Viti vya makanisa mengi ya kule mlimani vilipita mikononi mwake, na majeneza pia. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akawa anapima mbao kwa kidole zaidi kuliko kwa futi, na alikuwa ameshatangaza kwamba anapumzika. Lakini darini alikuwa na mbao za mvule alizoziweka tangu mama yangu akiwa hai, akikusudia kumtengenezea kabati. Mama yangu alifariki kabati likiwa bado mbao. Baba alipanda ngazi mwenyewe akaziteremsha. Alisema atatengeneza mlango mmoja wa mwisho, na kwamba hautakuwa wa nyumba ya kupanga. Utakuwa wa nyumba tutakayojenga kwetu, ila kwa sasa utatulinda mjini. Nilimuuliza kwa nini asiutengeneze kulekule tuje tuuchukue. Akanitazama kwa huruma ya watu wa kazi. Nyumba za kupanga, alisema, hazina mlango ulionyooka. Lazima aione ile nafasi.

Alikuja juu ya lori la ndizi mpaka soko la Kibuye, yeye, mbao zake na sanduku la vyombo, na kutoka Kibuye akavifuata vitu vyake kwa miguu nyuma ya mkokoteni. Alipofika aliketi nje, chini ya upenu wa bati, akanywa chai. Hakuingia ndani.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo nililokuwa nikilijua tangu niliposikia anakuja. Kwa watu wetu, na kwa watu wa mume wangu vilevile, mzazi hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Si chuki wala maringo. Ni heshima, na ni nzito: baba hata koti lake halitundiki kwenye msumari wa nyumba ambamo binti yake analala na mumewe. Mtu anaweza kusafiri kutwa kumwona bintiye, jua likishuka akaanza kutafuta pa kulala kwa jirani. Mjini, ambako kila mtu ana chumba kimoja au viwili, desturi hii imewaliza wengi. Mume wangu tangu asubuhi alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Kabla sijafungua mdomo, Mama alitoka kwake akichukua mfuko wa baba kwa mkono wake mwenyewe. "Baba ya nyathina atalala njia?" alisema. "Hapana. Kitanda iko tayari."

Nilimpenda sana yule mwanamke siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado inaniuma kwamba ni kweli.

Kazi ilimchukua baba siku kadhaa. Mvua ilikuwa inamkatiza, na ile nafasi ya mlango, kama alivyosema, ilikuwa imepinda kiasi kwamba juu na chini havikuwa na undugu. Alifanya kazi nje, chini ya bati, maranda yakijaa uani na watoto wa wapangaji wakiyavaa kichwani. Mzee alivuta kiti akakaa karibu naye na redio yake. Walizungumza Kiswahili, mmoja akikivuta Kijaluo, mwingine akikikunja Kimaragoli, wakitaniana utani ule wa siku zote: baba akimuuliza kama kuna siku atakula kitu kisicho na magamba, Mzee akimwambia kwamba huko Maragoli jogoo hawawiki asubuhi, wanaogopa kujulikana waliko wakaliwa. Jioni baba alivuka ua kwenda kulala. Hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu, kwa hiyo usiku mmoja alikaza kitanda cha Mama kilichokuwa kinalia, na usiku mwingine akakitia mguu kigoda. Hakuna aliyemwomba.

Siku moja walimchinjia kuku. Kesho yake, akiwa anachonga tundu la kitasa, baba aliniambia kwa sauti ya chini, "Jana amenipa firigisi." Alisimamisha patasi ili niielewe vizuri ile habari. Firigisi ni sehemu ya mwenye boma, kwetu na kwao. Mzee aliitoa katika sahani yake akaiweka katika ya baba. Sijui kama baba yangu aliwahi kupewa nishani yoyote maishani, lakini asubuhi ile alikuwa na uso wa mtu aliyepewa.

Siku ya kuuangika mlango tulikuwa wote pale, mimi, mume wangu kwa mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, Mzee na Mama. Baba alinionyesha kwamba fremu hakuipigilia misumari wala hakuizungushia saruji. Aliifunga kwa skrubu ndefu, ili itoke bila kuutia ukuta jeraha. Kisha akamgeukia Mzee na kusema kwamba siku watoto watakapojenga kwao, mlango na fremu vitaondoka nao, na yeye atabaki na shimo lake. Mzee alicheka mpaka redio ikamteleza begani.

"Itaenda," alisema. "Mimi mwenyewe nitashika bisibisi."

Mama alikuwa amesimama hatua mbili tatu kutoka kwangu, sufuria mkononi. Alicheka pia. Baada ya baba kurudi nyumbani, tuliuvunja mlango wa zamani, mimi na yeye, tukaugeuza kuni za kuchemshia maharagwe. Maharagwe yenyewe tulikula pamoja.

Mlango ule ulikuwa kitu cha kuonekana. Masika yalikuja na maji yakapanda mpaka kizingitini, wenzetu wakawa wanapigana na milango iliyovimba, wetu ukafunguka kwa kidole. Majirani walikuja kubisha hata kama hawana haja, ili wasikie mlio wake. Mzee naye alianza kuleta wageni wake uani. Mwanzoni aliwaambia, huu ni mlango wa baba ya mama fulani. Miaka ikapita, nikamsikia akisema ni mlango wa plot yake. Sikulitilia maanani. Mtu akiishi karibu na kitu sana anaanza kukiita chake. Mimi mwenyewe niliuita mfereji wa uani mfereji wangu.

Katikati ya miaka ya tisini yale magugu ya majini yalifunika ziwa, ukisimama ufuoni unaona kama shamba. Meli zilikwama, shehena ikapungua, na mume wangu, aliyekuwa karani wa ghala bandarini, akawa anaenda kazini kukaa. Mwishowe hata kukaa wakamkataza. Tuliamua kurudi kwao karibu na Awasi, ambako tulikuwa tumesimamisha nyumba ndogo ya udongo na bati. Nyumba ilikuwa imekamilika ila kitu kimoja. Niliupima mlango wa baba kwa kamba, nikaipeleka ile kamba kwa waliokuwa wakijenga, na nafasi ya mlango ikaachwa sawasawa na kamba. Nyumba ilikuwa imekaa na mdomo wazi, inangoja.

Tuliiandaa nyumba ya Nyalenda kwa kuondoka kama watu waliolelewa. Tulipaka chokaa vyumba vyote viwili. Masizi ya jiko la mkaa niliyasugua kwa mchanga mpaka kucha zikaisha. Kioo alichokivunja mwanangu mkubwa kwa mpira wa makaratasi tulikirudisha. Matundu ya misumari niliyaziba kwa sabuni ya kipande na kuyapitishia chokaa juu, ujanja ambao kila mpangaji wa Kisumu anaujua na kila mwenye nyumba anaujua pia. Mzee alikuja kukagua. Alipitisha kiganja ukutani, akatazama juu kama kuna doa la maji, akafungua na kufunga dirisha. Alisema nyumba ni safi kuliko alivyotupa. Nilifurahi kusifiwa, maskini mimi.

Mume wangu akachukua bisibisi. Mzee akanyoosha mkono. Nilidhani anaitaka atimize ahadi yake, nikaanza hata kutabasamu.

"Hiyo wacha," alisema. "Kitu imefungwa kwa nyumba ni ya nyumba."

Nilidhani anatania. Nilimkumbusha sheria yake ya siku ya kwanza, kwamba mlango ni wa anayelala ndani. Alisema ndiyo, ni wake kutengeneza, si wake kubeba. Kama tukitaka kubeba huu, tumrudishie ule tulioukuta, na aliuliza kwa upole kabisa uko wapi. Alijua uko wapi. Moshi wake ulipita mbele ya dirisha lake. Nikasema basi tutamtafutia mwingine wa bati, mpya, bora kuliko ule wa kwanza. Akatikisa kichwa. Kisha akalitoa lile alilokuwa amelihifadhi, sijui tangu lini.

"Na hii mlango mimi nililipa," alisema. "Fundi alilala kwangu, akakula kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa bei."

Mimi ni mtu wa hasira, sijawahi kuficha. Damu ilinipanda, nikamwambia maneno ambayo mwanamke mdogo hamwambii mzee, na mume wangu akanivuta mkono, nikajinasua. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi, baridi. Kile kitanda alichopewa baba yangu kwa sababu ya heshima, sasa kilikuwa kimepigiwa hesabu. Baba alivuka ua kila jioni ili asiivunjie heshima ndoa yangu, na huko alikovukia palikuwa na mtu aliyekuwa akiandika kichwani.

Nikasema twende kwa mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa kwetu ni yule anayemsaidia chifu kuamua mambo madogo kabla hayajawa makubwa, na wa kwetu alikuwa mtu makini, asiyependa kelele. Alikuja Jumamosi mchana, akawekewa kiti mbele ya nyumba ya Mzee. Majirani walileta viti vyao. Pikapu ya kutubeba ilikuwa imeshapangwa kwa kesho yake, na vyombo vyetu vilikuwa uani vimefungwa mashuka.

Aliuliza kama kuna mkataba. Hakuna. Aliuliza nani alinunua mbao, nikamweleza za baba. Nani alimlipa kazi? Hakuna aliyemlipa, nikasema, ni baba yangu. Nikaeleza maneno yaliyosemwa mlangoni siku ya kuuangika, bisibisi na yote. Mzee hakuyakana. Alisema ni kweli walicheka, lakini ulikuwa utani wa wazee, na utani si mapatano. Watu wengine waliitikia kwa vichwa. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Alikuwa ameinamisha macho, anachora chini kwa kidole cha mguu. Kusimama mbele za watu kubishania alichokula baba mkwe na alikolala, kwake ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Nililijua hilo vizuri, na bado nilimkasirikia.

Kwa hiyo nilisema mwenyewe. Nilieleza kwa nini baba hakulala kwetu, na mzee wa mtaa akanikatiza kwa upole kwamba hilo wanalijua, hata wao ni hivyohivyo. Akafikiri kidogo. Akasema basi jambo ni moja tu. Kama yule baba alilala hapa akiwa mgeni, mlango ni zawadi yake kwa binti yake, na uende. Kama alilala akiwa fundi, alishalipwa kwa chakula na kitanda, na mlango ni wa aliyelipa.

Niliona ameamua vyema. Zaidi ya hayo, nilifurahi, maana kulikuwa na mtu mmoja aliyejua jibu kuliko sisi sote. Ndiye aliyepokea mfuko, ndiye aliyetandika kitanda, ndiye aliyepika. Mimi ndiye niliyeomba aulizwe Mama. Niliomba kwa sauti, nikakaa nikiwa nimetulia, na hata mwanangu mdogo nikampakata upya akae vizuri.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Alijifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea. Alimtazama mume wake, hakunitazama mimi.

"Alikuwa fundi," alisema.

Mzee wa mtaa alimuuliza tena, kwa Kijaluo safari hii, pengine akidhani Kiswahili kimemchanganya. Akajibu lilelile. Nilijisikia nikisimama. Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa kubwa hata kidogo, "Mama, fundi anachinjiwa kuku?"

Alimtazama tena mume wake. Nilidhani nimempata.

"Ile kuku ilikuwa na kideri," alisema. "Ilikuwa imeanza kusinzia. Tungetupa."

Kuna waliocheka. Siwalaumu, kuku mgonjwa anachekesha. Mimi nilikaa chini. Nimelifikiria jibu lile kwa miaka mingi na sijui mpaka leo lipi ni baya zaidi: kwamba alidanganya mbele ya watu wote, au kwamba alisema kweli, na baba yangu aliyeamka akiwa na furaha ya firigisi alikuwa ameandaliwa ndege aliyekuwa anaelekea shimoni. Kama ni uongo, alinisaliti siku ile. Kama ni kweli, alinisaliti tangu zamani, wakati bado ananiita nyathina na mimi bado naitika.

Mlango ulibaki. Mzee wa mtaa aliamua pia kwamba tusidaiwe ule wa zamani, na Mzee akakubali kwa uso wa mtu anayetoa sadaka. Mtoto alilia usiku kucha kana kwamba ndiye aliyeshindwa kesi.

Asubuhi, wakati mume wangu akipakia pikapu, Mama alikuja nyuma ya vyumba nilikokuwa nakusanya kamba za kuanikia. Alikuwa na omena amezifunga kwenye gazeti. Alizungumza haraka, akitazama nyuma yake.

"Wewe unaenda," alisema. "Mimi nabaki na yeye hapa."

Aliziweka omena juu ya beseni langu akaondoka. Nilielewa alichokuwa ananiambia. Nilikuwa nimeishi ua mmoja nao miaka yote ile. Nilijua sauti ya Mzee anapokuwa hana wageni. Nilielewa, na sijasamehe. Watu hunifundisha kwamba vitu hivi viwili ni kimoja, lakini kwangu havijawahi kukutana. Omena nilizichukua nikawapa paka wa jirani. Kisha nikafunga mlango wa baba kwa ufunguo, ukafunga kwa ule mlio wake laini, nikaweka ufunguo katika kiganja cha Mzee. Alisema safari njema.

Kule Awasi tulitundika mlango wa bati. Nafasi ilikuwa pana kuliko bati, kwa hiyo pembeni tulijaza udongo, na kila mvua ulikuwa unabanduka nikiubandika tena. Baba sikumpelekea habari. Nilijua atakuja, kwa sababu alikuwa amesema nyumba ya bintiye lazima aione. Kusema aione ni mazoea tu. Wakati huo macho yalikuwa yamekwisha kabisa.

Alikuja msimu wa mavuno, kaka yangu akimwongoza kwa fimbo, kila mmoja kashika ncha yake. Mume wangu aliwapokea barabarani. Baba alitembea uani akisikiliza. Aliuliza miti iko wapi, kisima kiko upande gani, jiko linatazama wapi. Alipofika nyumba yenyewe alinyoosha mkono kabla hajaambiwa, kama mtu anayemsalimia rafiki, na kiganja kikagusa bati.

Alipapasa juu, akapapasa chini, akapapasa pembeni penye udongo. "Uko wapi?" aliuliza.

Mume wangu alisema ana kazi shambani, akaenda. Mimi nilimwambia baba yote. Huenda ningetunga jambo, kwamba ulichomeka au uliibiwa, na hata leo dada zangu husema ningetunga. Lakini nilikuwa nimechoka kuubeba peke yangu na yeye ndiye baba yangu. Nilimweleza kitanda kilivyogeuzwa bei, mume wangu alivyonyamaza, mzee wa mtaa alivyouliza, na neno alilolijibu Mama. La kideri nilimficha. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya fimbo.

"Yule mama alisema hivyo?"

Nikasema alisema hivyo.

Hakuuliza kingine. Aliketi kwenye kiti nje, akanywa chai, akala, akamshika mjukuu wake uso mzima kwa vidole akisema amefanana na mama yangu. Nilianza kudhani jambo limepita, au kwamba yeye ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Jua likawa linashuka upande wa ziwa.

Ndipo akaja binamu ya mume wangu kutoka boma la pili. Alikuwa ameoga na kuvaa shati safi. Alikuwa amekuja kumchukua mgeni akalale kwake, kama inavyotakiwa, bila kuambiwa na mtu. Mkewe alikuwa ametandika na ugali ulikuwa jikoni. Alimwamkia baba kwa heshima zote, akainama kuuchukua mfuko wake.

Baba aliutangulia mkono wake, akaushika mfuko. Aligeuza uso kuifuata ile sauti.

"Na wewe nitakulipa nini?" aliuliza. "Mimi sioni tena. Siwezi kukutengenezea kitu."

Yule binamu alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Akanitazama mimi, akaona si utani, akaacha kucheka. Alisema, Mzee, hapa hakuna kulipa, wewe ni mgeni wetu. Baba alimshukuru. Alimshukuru vizuri, bila ukali, kisha akamwita kaka yangu kwa jina, akasimama, akanyoosha ncha ya fimbo ashikwe. Nilimsihi. Nilimwambia giza linaingia na Maragoli si hapo. Alisema watapata gari barabarani.

Aliishi miaka mingine mingi baada ya siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumwona, na yeye kwangu hakuja tena.